Sekhukhune wa Kwanza: Mfalme wa Milimani Ambaye Jina Lake Limepewa Meli ya Doria

Mwaka 2022 Jeshi la Wanamaji la Afrika Kusini lilikabidhiwa meli mpya ya doria yenye urefu wa mita 62, iliyojengwa katika karakana ya meli mjini Cape Town. Meli hiyo, ambayo ni ya kwanza kati ya tatu za aina yake, imepewa jina la Mfalme Sekhukhune wa Kwanza, mtawala wa Wapedi aliyeuawa mwaka 1882. Nyingine mbili zimepewa majina ya Mfalme Shaka wa Wazulu na Adam Kok, kiongozi wa Wagriqua.

Sekhukhune alitawala nchi ya milima na mabonde ya kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini ya leo, nchi isiyopakana na bahari. Jina lake halikuchaguliwa kwa sababu ya ubaharia. Wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi, meli za makombora za nchi hiyo zilibeba majina ya mawaziri wa ulinzi. Mojawapo iliitwa Jim Fouché, waziri aliyekuja kuwa Rais wa nchi chini ya mfumo huo. Mwaka 1997, miaka mitatu baada ya uchaguzi wa kwanza wa kidemokrasia, majina hayo yaliondolewa, na meli ya Fouché ikaitwa Sekhukhune wa Kwanza. Chombo hicho kilipomaliza utumishi wake, jina lilibaki bila meli hadi liliporejeshwa kwa meli hii mpya.

Aliyebeba jina hilo alizaliwa takriban mwaka 1814 katika ukoo wa kifalme wa Wamarota, watawala wa Wapedi, akaitwa Matsebe. Baba yake, Sekwati, alikuwa akiujenga upya ufalme uliokuwa umesambaratishwa na vita vya miaka ya 1820. Jina la Sekhukhune alilipata ukubwani. Katika lugha ya Kipedi linatokana na neno lenye maana ya kunyemelea au kutambaa kimyakimya, na mapokeo ya Wapedi hulihusisha na ujasiri wake vitani wakati Makaburu walipoizingira ngome ya baba yake mwaka 1852. Hivyo jina lililoandikwa leo ubavuni mwa meli lilianza kama jina la vita.

Sekwati alifariki mwezi Septemba 1861. Mara moja ukazuka mgogoro wa urithi kati ya Sekhukhune na ndugu yake wa baba mmoja, Mampuru. Mampuru alishikilia kwamba, kwa mila ya ndoa ya mama yake, yeye ndiye aliyekusudiwa kuwa mrithi. Sekhukhune, aliyekuwa mkubwa kwa umri na mwenye wapiganaji nyuma yake, alitwaa madaraka na kuongoza mazishi ya baba yao, jambo ambalo kwa desturi lilimpa mhusika hadhi ya mrithi. Mampuru alikimbia, lakini dai lake halikufa.

Katika miaka iliyofuata, Sekhukhune aliufanya ufalme wake kuwa miongoni mwa dola zenye nguvu zaidi katika eneo hilo. Msingi mmoja wa nguvu hiyo ulikuwa kazi ya ugenini. Vijana wa Kipedi walikwenda kwa miguu hadi Koloni la Rasi, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1870 walimiminika katika machimbo ya almasi ya Kimberley. Waliporudi, wengi wao walileta bunduki. Ngome ya mfalme ilikuwa Tsate, chini ya milima ya Leolo, mahali palipozungukwa na majabali na mapango ambayo adui hakuweza kuyapita kwa urahisi.

Wamisionari wa Kijerumani kutoka Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walikuwa wamepokewa nchini humo. Baadaye mfalme aliona kwamba waumini wapya walikuwa wakijitenga na mamlaka yake, akawabana, na Merensky akaondoka. Mmoja wa waliofuata dini hiyo alikuwa Johannes Dinkwanyane, ndugu wa mfalme kwa baba. Dinkwanyane alianzisha makazi yake mwenyewe katika eneo ambalo Makaburu wa Jamhuri ya Transvaal walidai kuwa lao. Mgogoro wa ardhi uliotokana na hatua hiyo ulichochea vita vya mwaka 1876, na Dinkwanyane aliuawa katika mapigano hayo.

Rais wa Transvaal, Thomas François Burgers, aliongoza mwenyewe jeshi lake dhidi ya Tsate mwezi Agosti 1876. Shambulio hilo lilishindwa, na Makaburu wengi waliamua kurejea mashambani mwao. Hazina ya jamhuri hiyo ilikuwa karibu tupu. Mwezi Aprili 1877 Uingereza iliitwaa Transvaal, na kushindwa kwa Makaburu mbele ya Wapedi kulikuwa miongoni mwa sababu ilizozitoa.

Mabadiliko hayo hayakumpa Sekhukhune amani. Waingereza walimdai faini ya ng'ombe 2,000 iliyokuwa imetajwa katika mapatano ya mwanzo wa mwaka 1877, pamoja na kumtaka akubali kuwa chini ya mamlaka yao. Kikosi walichokipeleka mwaka 1878 kilikwamishwa na ukame na maradhi ya farasi, kikarudi bila kuifikia azma yake. Baada ya kuwashinda Wazulu mwaka 1879, serikali ya Uingereza ilimwelekeza Jenerali Garnet Wolseley kumaliza pia suala la Wapedi.

Tarehe 28 Novemba 1879, askari wa Wolseley walioungana na maelfu ya wapiganaji wa Kiswazi walishambulia Tsate. Baada ya mapigano makali mji ulianguka na kuchomwa moto. Wapedi wengi waliuawa, wakiwemo watoto wa mfalme. Sekhukhune alijificha pangoni milimani hadi tarehe 2 Desemba, alipojisalimisha. Alipelekwa Pretoria na kufungwa gerezani.

Uhuru wake haukutokana na huruma ya waliomfunga. Makaburu waliasi dhidi ya Uingereza na kushinda, na Mkataba wa Pretoria wa mwezi Agosti 1881 uliorejesha jamhuri yao ulitaka mfalme huyo aachiliwe. Tsate ikiwa imebomolewa, alirudi kuishi Manoge. Hakukaa huko muda mrefu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1882 aliuawa na watu wa Mampuru, miaka 21 baada ya mgogoro wa urithi kuanza.

Mampuru alikimbilia kwa Nyabela, mtawala wa Wandebele. Nyabela alikataa kumtoa, na Makaburu wakamzingira hadi alipolazimika kusalimu amri mwaka 1883. Mampuru alinyongwa Pretoria tarehe 22 Novemba mwaka huo. Kwa upande wa wafuasi wake, kosa lake halisi lilikuwa kukataa kodi na amri za Makaburu, na kifo chake ni kifo cha shujaa.

Hapa ndipo uchaguzi wa majina ya jadi unapohitaji uangalifu. Mwaka 2013 serikali ya Afrika Kusini ililiita gereza kuu la Pretoria kwa jina la Kgosi Mampuru wa Pili, ikimuenzi katika mji ule ule alikonyongwa. Hivyo, taifa limewaheshimu wote wawili, aliyeuawa na anayetajwa kumuua. Wakati huo huo mgogoro wa vizazi vyao kuhusu nani mwenye haki ya kiti cha Wapedi ulifika hadi Mahakama ya Katiba, na mwaka 2014 uamuzi ulioutambua upande wa Sekhukhune ulibaki. Kwa familia hizo, jina la kwenye meli si pambo. Lina uzito wa ushahidi.

Kuwaenzi wote wawili hakukufuta ugomvi wao, lakini kumekataa kuugeuza mmoja kuwa historia na mwingine kuwa usaliti. Wote walipinga kupokonywa nchi yao, na wote walifikishwa gerezani Pretoria na tawala za kigeni zilizotumia vyema mgawanyiko wa nyumba yao.

Meli inayobeba jina la Sekhukhune imeundwa kwa ajili ya kulinda mipaka ya bahari, kuzuia uvuvi haramu, magendo na uharamia. Kazi hiyo ya ulinzi inagusa pia Mlango wa Bahari wa Msumbiji, ambako Afrika Kusini, Msumbiji na Tanzania zilikubaliana mwaka 2012 kushirikiana dhidi ya uharamia. Mabaharia wanaopangiwa kazi katika meli hiyo wanatoka jamii zote za Afrika Kusini, wakiwemo Wazulu, Wandebele, Waswazi na wajukuu wa Makaburu, ambao mababu zao walikutana na Sekhukhune vitani au walihusika katika mkasa uliofuata kifo chake.