Mbio Zilizoishia Njiani

Harambee ya dada yetu anayeugua kansa ilipopungukiwa, nilirudi Kiwanjani nimevunjika moyo. Nikamkumbuka Terry Fox wa Kanada. Alikatwa mguu mwaka 1977, akiwa na miaka 18, kwa kansa ya mfupa. Akafanya mazoezi zaidi ya mwaka, halafu Aprili 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi, karibu kilomita 42 kila siku, akichangisha pesa za utafiti wa kansa. Siku ya 143 akasimama: ugonjwa ulikuwa umeingia mapafuni. Alifariki Juni 1981.

Mimi niliyesomea biashara ningeandika mradi umefeli. Kumbe kabla hajafa michango ilishapita dola milioni 24, kama dola moja kwa kila Mkanada. Jumapili tunaendelea kuchanga.