Makhan Singh, Msusiaji wa Sherehe za Jiji

Jumapili moja alasiri tulikuwa nje ya Ukumbi wa Kaloleni, sisi wapiga magitaa wa Eastlands tuliosalia, tukipiga mitindo ya zamani huku beseni likizungushwa kati ya watu. Fedha tulizokuwa tukichanga zilikuwa za wakili. Palikuwa na mpango mkubwa wa kubomoa nyumba za zamani na kusimamisha maghorofa marefu mahali pake, na wapangaji, wengine wao wajukuu wa wale waliokabidhiwa funguo za kwanza, walitaka mahakama iulize wao wataenda wapi. Kijana mmoja mpiga ngoma aliniuliza kwa nini sisi wazee tunang'ang'ania pale pale ukumbini ilhali kuna viwanja vikubwa zaidi. Nikamwambia ni kwa ajili ya Makhan Singh. Jina hilo hakuwa amelisikia hata siku moja, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Marehemu Makhan Singh alizaliwa mwaka wa 1913 katika kijiji cha Gharjakh huko Punjab, sehemu ambayo sasa imo nchini Pakistan. Aliletwa Nairobi mwaka wa 1927, mvulana wa miaka 13, na alipomaliza masomo akaingia kufanya kazi katika mtambo wa kupiga chapa wa baba yake, Sudh Singh. Katika ujana wake alitunga mashairi kwa Kipunjabi na kuyasoma mbele ya Masingasinga wenzake. Sisi watu wa muziki hupenda kulitaja jambo hilo, kana kwamba alikuwa mmoja wetu.

Mwaka wa 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kukifungua chama hicho kwa wafanyakazi wa kila rangi, jambo lililoonekana kama wazimu katika Nairobi ya siku hizo, ambamo hata vyoo vilitengwa kwa rangi. Mtambo wa baba ulifaa sana. Matangazo ya chama yalitoka kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Mwaka wa 1937 mafundi waligoma kwa siku 62, na waajiri wakasalimu amri kwa kuongeza mishahara kati ya asilimia 15 na 22.

Alipokwenda India, Waingereza walimkamata huko mwaka wa 1940 na kumweka kizuizini kwa miaka kadhaa. Akarudi Kenya mwaka wa 1947. Serikali ya kikoloni ilijaribu kumfukuza nchini, ikashindwa mahakamani. Mnamo Mei 1, 1949, yeye na Fred Kubai walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais naye katibu mkuu.

Sasa nafika mahali ambapo kijana wangu aliacha kuchezea fimbo za ngoma yake na kunisikiliza. Mnamo Machi 30, 1950, Nairobi ilifanywa jiji. Mtawala wa Gloucester, nduguye Mfalme George wa Sita, alikuja mwenyewe na hati ya kifalme. Palikuwa na gwaride, bendera na karamu. Shirikisho la Makhan Singh likawataka wafanyakazi wasusie sherehe hizo zote. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kwamba Nairobi ni miji miwili, mmoja wa wenye mali na mwingine wa maskini, na ule wa pili haukuwa na chochote cha kushangilia. Isitoshe, Waafrika wengi walihofu kwamba mipaka ya jiji ingepanuliwa na kumeza mashamba ya Kiambu. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 watu walikuwa wamekiona kijiji cha Pangani kikibomolewa na wenyeji wake wengi wakihamishiwa Shauri Moyo. Aliyewahi kuona ukuta wa jirani ukianguka haulizi mara mbili akiona wapima ardhi.

Mwezi uliofuata, Aprili 23, umati mkubwa ulikusanyika hapa Kaloleni katika mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi cha Afrika Mashariki. Makhan Singh alisimama na kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, wala si viraka vya katiba. Wenzake wengine jukwaani walikuwa bado wanaomba viti zaidi katika baraza. Kwa maoni yangu hakuna siku kubwa kuliko hiyo katika maisha ya mtaa huu, nasi hatuna budi kuona haya kwamba watoto wetu hawaifahamu.

Mnamo Mei 15 yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi iligoma. Mgomo huo wa siku tisa ulidai waachiliwe, na ulidai pia mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Serikali ilijibu kwa polisi, mabomu ya machozi na ndege zilizoruka juu ya mitaa ya Waafrika.

Makhan Singh alishitakiwa Nyeri na kuamriwa akae Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol, mbali na mkewe Satwant Kaur na watoto. Alikaa huko miaka kumi na moja na nusu, hadi Oktoba 1961. Uhuru ulipokuja hakupewa cheo chochote cha maana, si katika chama wala katika serikali. Aliandika. Kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanyakazi nchini hadi mwaka wa 1952 kilitoka mwaka wa 1969, nacho ni kitabu cha mtu anayetunza kila karatasi: tarehe, madai, majina ya wajumbe. Kujihusu mwenyewe hasemi mengi. Alifariki Nairobi mnamo Mei 18, 1973, kwa ugonjwa wa moyo.

Nakala yangu ya kitabu hicho nimemwazima yule kijana mpiga ngoma. Bado hajairudisha, na wakili naye hajalipwa zote, kwa hivyo Jumapili ijayo tutakuwa tena pale pale nje ya ukumbi na beseni letu.