Fumo Liyongo, shujaa aliyemtambua msaliti wake

KUTOKA Garsen, Mto Tana hupita katika mabonde ya mpunga hadi Kipini, unakomwaga maji yake baharini. Hapo karibu, Ozi, ndipo masimulizi yanapoliweka kaburi la Fumo Liyongo, mshairi na mpiga mishale aliyewakosesha usingizi watawala wa kisiwa cha Pate. Makadirio ya wataalamu kuhusu enzi yake hupishana kwa karne kadhaa; habari nyingi tulizo nazo zatokana na utenzi alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913.

Mzozo ulihusu kiti cha enzi. Daudi Mringwari, jamaa yake aliyetawala Pate, alimhofia. Wagala, jina walilopewa zamani Waoromo, wakiwemo Waorma wa Tana, walistaajabia umbo lake hata wakamwoza binti yao ili wapate mbegu yake. Akazaliwa mwana wa kiume.

Liyongo alipotiwa gerezani, mawazo yake yalitoka kwa njia ya wimbo. Walinzi walisikia burudani tu. Kijakazi Saada alisikia agizo la kumfikishia mamake, kwamba aoke mkate wa wishwa na kutia tupa ndani. Walinzi, waliozoea kumnyang'anya vyakula vizuri, hawakuugusa mkate huo duni. Vishindo vya gungu vikafunika mkwaruzo wa tupa, naye akatoroka.

Lakini uzito wa utenzi, kwa maoni yangu, umo katika fikira zake nyingine. Mwanawe, aliyeahidiwa binti wa mfalme, alimwendea akamuuliza ni kitu gani kiwezacho kumuua. Liyongo alitambua kwamba kijana ametumwa na kwamba amehadaiwa. Akamwambia hayo, kisha, huku akijua, akamfichulia siri: sindano ya shaba kitovuni. Riwaya ya kisasa ingetumia kurasa nzima kutupitisha kichwani mwake, jinsi Kezilahabi alivyofanya na Kazimoto katika Kichwamaji (1974). Kijumwa alikuwa na vipande vya mizani minane tu. Hata hivyo, ukiuondoa utambuzi huo, kinachobaki ni kisa cha shujaa aliyelaghaiwa. Ukiwapo, usaliti tunauona kwa macho ya baba aliyeshindwa kumnyima mwanawe hata kifo chake.

Alichomwa usingizini. Akazinduka, akashika upinde, akaenda kisimani akapiga goti, mshale tayari. Hapo akafa. Watu wa mji walikaa siku kadhaa bila kuteka maji, wakidhani angali hai, mamake akiletwa kumbembeleza, mpaka mwili ulipoanguka.