Erekle wa Pili: Aliomba ulinzi wa Urusi, ufalme ukamezwa

Julai 24, 1783, katika ngome ya Urusi iitwayo Georgievsk, kaskazini mwa milima ya Caucasus, wafanyabiashara wa Tbilisi walipata haki ambayo wenzao wengi wa mipakani huisubiri maisha yao yote. Mkataba uliosainiwa siku hiyo uliwaruhusu kuuza na kununua ndani ya Urusi sawa na wenyeji. Aliyetuma wajumbe kuusaini ni Mfalme Erekle wa Pili, akiwa na umri wa miaka 62.

Erekle alizaliwa mwaka 1720 mjini Telavi, katika ufalme wa Kakheti, mashariki mwa Georgia ya leo. Watu wake walimwita Mkakheti Mdogo. Ujanani alikwenda vitani India chini ya Nader Shah wa Uajemi, na ni Shah huyo aliyempa kiti cha Kakheti mwaka 1744, huku baba yake, Teimuraz, akipewa ufalme jirani wa Kartli. Nader aliuawa mwaka 1747, Uajemi ikaingia vurugu, Erekle akapumua. Baba alipofariki mwaka 1762 akiwa St Petersburg, alikokwenda kuomba msaada, mwana aliziunganisha falme zote mbili.

Kutawala Tbilisi kulikuwa kama kufungua duka njia panda: kila mwenye nguvu anapita, na kila mmoja anadai chake. Kusini walikuwapo Waajemi, magharibi Waturuki wa Osmania, na kutoka milima ya Dagestan walishuka wavamizi walioteka watu na kuwauza utumwani. Mwaka 1774 Erekle alianzisha jeshi la zamu, kila mwanamume akitumikia mwezi mmoja kwa mwaka kwa gharama zake mwenyewe. Sarafu zake zinaonyesha alivyobanwa. Za fedha ziliandikwa Ya Karim kwa herufi za Kiarabu, sifa ya Mungu ambayo pia ilimkumbusha mtu Karim Khan, mtawala wa Uajemi. Za shaba zikachorwa tai mwenye vichwa viwili, nembo ya Urusi.

Warusi alikuwa ameshawaonja. Mwaka 1770, walipokuwa pamoja dhidi ya Waturuki, Jenerali Totleben aligeuza askari wake na kumwacha mfalme njiani. Erekle alipigana bila wao huko Aspindza, akashinda. Kwamba alirudi kwao miaka 13 baadaye haikuwa ujinga. Hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mkataba wa Georgievsk ulimtaka aukane ukubwa wa Uajemi, asizungumze na mataifa ya nje bila idhini ya Urusi, na warithi wake wathibitishwe St Petersburg. Kwa upande wake, Malkia Catherine wa Pili aliahidi kuilinda mipaka, kuuacha ukoo wa Bagrationi kwenye kiti milele na kutoingilia mambo ya ndani. Ulinzi wenyewe ulikuwa batalioni mbili na mizinga minne, kwa nchi iliyozungukwa namna ile.

Mwaka uliofuata Warusi walijenga ngome ya Vladikavkaz, jina lenye maana ya kuitawala Caucasus, kwenye njia ya kuvukia milima kwenda Tbilisi. Njia hiyo ndiyo inayopitisha malori ya mizigo kati ya Georgia na Urusi hadi leo. Mwaka 1787 vita na Waturuki vilipoanza upya, batalioni zikaitwa nyumbani.

Mtawala mpya wa Uajemi, Agha Mohammad Khan, alimtaka Erekle auvunje mkataba. Mfalme alikataa, akaomba askari walioahidiwa, hawakuja. Septemba 1795, akiwa na takribani watu 5,000, alipambana na jeshi kubwa mara kadhaa huko Krtsanisi, nje ya Tbilisi. Alikuwa na karibu miaka 75 na ilibidi atolewe vitani na watu wake. Mji uliporwa na kuchomwa, maelfu wakachukuliwa mateka. Maduka ya wale waliopewa haki ya kuuza Urusi yaliteketea na bidhaa zake.

Catherine alituma jeshi dhidi ya Uajemi mwaka 1796, lakini alifariki Novemba na mwanawe, Paul, akalirudisha. Erekle alifia Telavi Januari 1798, akazikwa Mtskheta.

Mwanawe, Giorgi wa Kumi na Mbili, aliomba mkataba urejeshwe. Desemba 1800 Paul alitia saini amri ya kuifanya nchi hiyo sehemu ya Urusi, na Giorgi akafariki siku chache baadaye. Septemba 1801 Tsar Alexander alithibitisha. Kiti kilichoahidiwa milele kilidumu miaka 18.

Familia ya kifalme iliamriwa kuhamia Urusi. Aprili 1803 Jenerali Lazarev alikwenda kumchukua Mariam, mjane wa Giorgi, naye akamchoma kisu na kumuua. Darejan, mjane wa Erekle, alipelekwa mwaka huohuo, kuivuka milima ambayo msaada haukuivuka mwaka 1795. Alifariki St Petersburg mwaka 1807.