Kilio cha mtoto: Alichokiona Mary Ainsworth nchini Uganda

Kama umewahi kuonywa usimbebe mtoto kila anapolia kwa kuwa atadeka, leo nataka umfahamu Mary Ainsworth.

Mwanasaikolojia huyu alizaliwa mwaka 1913 Ohio, Marekani, akakulia Toronto, Canada, alikosoma hadi kupata shahada ya uzamivu mwaka 1939. Mwaka 1950 alihamia London, akafanya kazi na Dk John Bowlby, aliyechunguza madhara ya kumtenganisha mtoto mdogo na mama yake.

Mwaka 1954 mumewe alipata kazi Kampala, Uganda, naye akafuatana naye. Huko aliamua kuwafuata watoto nyumbani kwao. Akiwa na mkalimani, alitembelea familia 26 vijijini, kila baada ya wiki mbili, kwa miezi kadhaa. Alikaa karibu saa mbili akizungumza na mama, huku akiandika alichokiona: mtoto analia lini, nani anambembeleza akanyamaza, na anafanya nini mama akitoka.

Huu ndio uchunguzi wa tabia katika mazingira halisi. Umuhimu wake unaujua: mtoto wako mchangamfu akiingia chumba cha daktari hubadilika, akanywea au akalia. Dakika kumi za kliniki hazinionyeshi anavyoishi nyumbani. Hata hivyo, mgeni naye anaweza kubadilisha mambo ndani ya nyumba, hivyo ziara moja haitoshi.

Mary aliona mtoto akitambaa kwenda kuchezea vitu, kisha akirudi kwa mama kabla ya kwenda tena. Mama alikuwa ngome yake. Aliona pia kwamba mama aliyeweza kueleza kwa undani tabia za mwanawe, mara nyingi mtoto wake alikuwa mtulivu na mwenye kujiamini.

Baadaye, Baltimore nchini Marekani, alifuatilia familia nyingine 26 katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Watoto walioitikiwa haraka walipolia katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi mwaka ulipokaribia kwisha. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Alifariki dunia mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 85.

Familia alizozichunguza zilikuwa chache, na wapo watoto wanaolia sana hata wakitunzwa vizuri. Kwa hiyo usijilaumu. Lakini usiogope kumbeba mtoto mchanga anayelia, hujamdekeza, umemjibu.

Akilia mfululizo kuliko kawaida yake, akiwa na homa, amelegea au anakataa kunyonya, mwahishe kituo cha afya. Ukifika, tueleze ulichokiona nyumbani: alianza lini, alikula nini, analalaje. Wewe ndiye unayeishi naye, na maelezo yako hutusaidia kumtibu.