SWALAHUDDIN NA MAZUNGUMZO YA HEMANI

Ndugu msomaji, Swalahuddin Ayyubi wamjua kwa farasi na upanga. Mkurdi aliyezaliwa Tikrit, Iraq, akaikomboa Quds mwaka 1187. Hayo umeyasikia madrasa. Lakini je, wajua mji ule ulibaki kwetu pia kwa maneno yaliyosemwa kimya kimya, ndani ya hema?

Mwaka 1191 Mfalme Richard wa Uingereza aliiteka Akka, na Agosti akawaua mateka wa Kiislamu wapatao 2,700. Hebu jiweke mahali pa Swalahuddin. Ungeongea na mtu huyo? Yeye alikataa katakata kuonana naye. Aliona wafalme hukutana baada ya sulhu, si kabla. Ila mlango hakuufunga. Alimwachia nduguye, Al-Adil. Wiki chache tu baada ya mauaji yale, Al-Adil na Richard walikaa kuongea, wakaachana kwa hasira, na siku mbili baadaye majeshi yakapigana Arsuf. Wajumbe hawakukoma kwenda na kurudi.

Huko pembeni hata lisilotamkika barazani lilijaribiwa. Richard alitaka Al-Adil amuoe dadake, Joan, watawale nchi pamoja! Swalahuddin alikubali mara moja, akiamini ni mzaha. Bibi harusi akakataa, posa ikafa. Wakati huohuo Conrad wa Tyre, hasimu wa Richard, naye alileta wajumbe wake, na Swalahuddin akawasikiliza wote wawili. Mtu wa vita si mjinga.

Mwaka 1192 Richard aliugua Jaffa, akaomba matunda na theluji. Akapelekewa. Ukarimu, ndiyo, lakini wapelekaji nao walirudi na habari za kambi.

Sulhu ikafungwa tarehe 22 Shaaban 588, yaani 2 Septemba 1192, siku chache kabla ya Ramadhani. Haikuwa tamu yote. Pwani kutoka Tyre hadi Jaffa walibaki nayo Wafaranja, pamoja na Akka iliyomwagiwa damu nyingi. Ngome ya Asqalan ibomolewe, na Wakristo wazuru Quds kwa amani. Quds yenyewe haikutoka. Richard akaondoka Oktoba, hawajaonana.

Akiwa Quds, Swalahuddin alikuwa akilipa saumu zilizompita kwa vita na maradhi, tabibu akimlaumu kwamba anajidhuru. Alifariki Damascus Machi 1193. Walipofungua hazina yake walikuta dinari moja na dirhamu chache.