KITI NI CHA KUAZIMWA

Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Marehemu Solomon Eliufoo, mwana wa Machame, aliyefariki mwaka 1971. Wengi humkumbuka kwa Uwaziri wa Elimu. Sisi twamtazama kwa jambo jingine: jinsi kiti cha uongozi kinavyopokewa na kinavyoachwa.

Eliufoo alisoma Makerere, kisha Marekani na Uingereza, akawa mwalimu kwao Kilimanjaro. Wakati huo Wachagga walikuwa na kiti kimoja juu ya wamangi wote. Mwishoni mwa mwaka 1951 walimchagua kwa kura Thomas Marealle wa Marangu awe Mangi Mkuu, naye akatawazwa Moshi Januari 1952. Haki yatutaka tuseme kwamba alitumika kwa bidii na kuwapa watu wake fahari. Lakini swali likazuka: je, aliyeinuliwa kwa kura akae mpaka kufa, au arudi mbele ya wapiga kura?

Eliufoo na wenzake wa Chama cha Kidemokrasi cha Wachagga walisema arudi. Ugomvi ulikuwa mkali, ukagawa hata nyumba. Februari 1960 wananchi wakaulizwa kwa kura, na wengi wakataka Rais wa kuchaguliwa. Mwaka huo huo Eliufoo akashika kiti hicho.

Wako wadhanio kwamba mambo haya tulifundishwa na Waingereza. Januari 1957 Eden alipojiuzulu, chama chake cha Conservative hakikupiga kura. Wakubwa waliulizwa faraghani, kisha Malkia akamwita Macmillan. Mwaka 1963 ikawa vivyo hivyo kwa Home. Kura ya kwanza ya wabunge wa chama hicho kumchagua kiongozi, iliyompa Heath ushindi, ilikuwa Julai 1965. Mkulima wa kahawa wa mlimani alikuwa amewatangulia kwa zaidi ya miaka 13.

Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa machifu nchini, na siku za kiti kile zikaisha. Kazi ya Eliufoo haikuisha: alikuwa Waziri wa Elimu tangu 1962, na katika wakati wake, mwaka 1964, karo za shule za sekondari zikaondolewa.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, tawi, chama cha ushirika na chama cha wafanyakazi vyote vina viti. Tumwulize kila anayekikalia: siku ya kura ikifika, utasimama mbele yetu, au utafunga mlango?